Ndege Wajao na Kaskazi: Ni Wageni au ni Wenyeji wa Goba?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni miongoni mwa wale waamkao alfajiri kuwahi daladala la kwanza kutoka Goba kwenda mjini, yamkini umekwisha kuwaona mara nyingi bila ya kuwatazama. Huwa wamejipanga juu ya nyaya za umeme, mmoja kando ya mwenziwe kama shanga katika uzi, migongo yao ya buluu iliyokaribia weusi, koo zao nyekundu, mikia yao imegawanyika mithili ya mkasi. Hao ni mbayuwayu. Juma lililopita hawakuwapo. Ghafla, mwezi wa Septemba au Oktoba, waya umejaa. Na ifikapo Aprili, masika yanapokolea na matope ya mabonde yetu yanapotunyima usingizi, hutupa macho juu ya waya uleule ukauona mtupu.

Niwaulizapo watu wa hapa kwetu, wengi hunijibu kwamba ndege hao "wamekwenda zao". Wamekwenda zao wapi, na zao ni zipi? Hilo ni swali ambalo hatukuzoea kuulizana. Leo ni Jumapili, hakuna kengele ya kiwanda wala foleni ya barabarani. Basi na tuulizane.

Katika misitu ya kaskazini ya dunia, inayoanzia Uswidi na Ufini ikaipita Urusi yote hadi mwisho wa Siberia, mwezi wa Januari ni mwezi wa giza. Theluji hufunika ardhi, maziwa huganda hata mtu akaweza kuyavuka kwa miguu, na katika sehemu za kaskazini kabisa jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Sisi tuliozaliwa katika joto hudhani kwamba ndege huikimbia baridi hiyo. Si baridi hasa. Ndege amevaa koti lake la manyoya, na wapo wengi ambao hubaki hukohuko msimu mzima. Kinachowafukuza wenzao ni njaa. Yule alaye mbegu, au achokoaye mabuu chini ya magome ya miti, hupata riziki yake hata kwenye theluji. Lakini alaye wadudu warukao, au achimbuaye vidudu matopeni, atakula nini ilhali hewa haina hata mbu mmoja na matope yamekuwa mawe?

Watu wa huko wanawapenda sana wale wabakiao. Hutundika mbegu na vipande vya mafuta ya wanyama kwenye miti karibu na madirisha yao, kisha hutoka na darubini, wamejifunika gubigubi, kwenda kuwahesabu msituni na kando ya maziwa. Huko Marekani desturi hiyo ina historia yake. Palikuwa na mazoea ya vijana kwenda kushindana kuwapiga ndege risasi siku ya Krismasi. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, akapendekeza kwamba badala ya kuwaua watu wawahesabu. Walioitikia mwaka ule walikuwa 27 tu. Hesabu hiyo haijakoma mpaka hivi leo.

Lakini hebu fikiri, msomaji. Mtu anayehesabu ndege katika msitu wa Ufini mwezi wa Desemba ni kama karani wa sensa aliyebisha hodi nyumbani kwako saa nne za asubuhi ya siku ya kazi. Atawakuta bibi na watoto wachanga, ataandika, ataondoka. Nusu ya nyumba haimo. Nusu hiyo imo huku kwetu, juu ya waya wa Goba, juu ya mkorosho wako, na katika fungu la mchanga wa Kunduchi.

MKUKI SHINGONI

Haikuwa rahisi kwa watu wa Ulaya kuamini jambo hili. Kwa karne nyingi hata wasomi wao walisema kwamba mbayuwayu hujizika katika tope la maziwa na kulala humo mpaka baridi ipite. Ushahidi uliowatikisa ulitoka Afrika, tena kwa njia ya ukatili. Mwaka 1822, katika eneo la Mecklenburg nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imepenywa na mkuki mrefu wa mti. Na mkuki ule, walipouchunguza, ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku kwetu barani, akaupokea mkuki, akaruka nao maelfu ya kilomita kurudi kwenye kiota chake. Mwili wake uliokaushwa, pamoja na mkuki, umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Baadaye ikapatikana njia ya upole zaidi. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, zenye namba na anwani. Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mwanasheria John Masefield alimvisha pete mbayuwayu mmoja nyumbani kwake. Desemba 1912 mbayuwayu yule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ndege wa gramu 20 hivi, alikuwa ameshuka nusu ya dunia.

Kwa jirani zetu Wakenya iko kazi ya namna hiyo ambayo tunapaswa kuijua vizuri zaidi kuliko tunavyoijua. Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi iko hoteli ya Ngulia, juu ya ukingo wa kilima. Mwezi wa Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ushukapo, ndege wasafirio gizani hupotewa na njia na kuvutwa na taa za hoteli ile kama kumbikumbi wavutwavyo na taa ya barazani. Tangu mwaka 1969 wataalamu na wasaidizi wao wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete na kuwaachia. Usiku mmoja wa ukungu huweza kuleta ndege wengi kuliko ambavyo mtu angewaona mwaka mzima akitembea msituni mchana; na pete zilizovishwa Ngulia zimekwisha kusomwa mbali sana huko kaskazini.

Miongoni mwa wapitao Ngulia kwa wingi yumo kijindege mmoja wa rangi ya udongo, asiye na pambo lolote, ambaye huzaliana katika majani marefu ya vinamasi vya Ulaya. Ukimwona hutageuza shingo. Ila ana sifa moja ambayo mimi binafsi nilipoisoma nililiweka gazeti chini. Dume lake haimbi wimbo wake mwenyewe. Huimba kwa kuiga nyimbo za ndege wengine, akizifuma moja baada ya nyingine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alikaa akiwasikiliza huko Ubelgiji, akatoa matokeo yake mwaka 1979: dume mmoja kwa wastani huiga sauti za ndege wa aina 76, na zaidi ya nusu ya sauti hizo si za Ulaya. Ni za ndege wa Afrika, wale aliowasikia vichakani alipokuwa njiani na alipokuwa huku kwetu katika mwaka wake wa kwanza.

Kwa maneno mengine, mkulima wa Ubelgiji anayefungua dirisha asubuhi ya Juni huimbiwa na vichaka vya Afrika, naye hana habari.

GRAMU KUMI

Yuko na mwingine, mdogo zaidi, wa kijani kilichochanganyika na umanjano, ambaye hurukaruka juu ya majani akitafuta viwavi. Ndiye kipenzi cha misitu ya kaskazini. Wimbo wake ushukao polepole kama maji ndiyo alama ya majira ya kiangazi huko. Uzito wake ni gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za madume watatu wa aina hii waliofungiwa mgongoni chombo kidogo kabisa cha kupima mwanga wa jua, huko mashariki ya mbali ya Urusi, karibu na pale Asia inapokoma na Marekani inapoanza. Walikuja kukaa Afrika Mashariki. Safari yao ilikuwa ya kilomita 13,000 hivi kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. La ajabu ni kwamba ziko nchi za joto zilizo karibu nao zaidi, kusini mwa Asia, lakini hawakuzitaka. Walikata Siberia, wakapumzika kusini-magharibi mwa Asia, wakaja kwetu.

Hapo ndipo neno "mgeni" linapoanza kunikwaza. Ndege wa namna hii hukaa kwenye msitu wa kaskazini miezi miwili au mitatu tu, alee watoto, kisha afunge safari. Nyingi ya siku za mwaka wake huzimaliza njiani na huku. Mbayuwayu naye, manyoya yake ya kurukia huchakaa kama nguo ya kazi, na ni huku Afrika anakoyapukutisha moja moja na kuotesha mapya. Mtu anayekuja kwako kila mwaka, akakaa miezi sita, akabadili nguo zake zote katika ua wako, huyo utamwita mgeni mpaka lini?

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kwa upande wa majahazi. Upepo wa kaskazi ulileta mabaharia kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha. Na mwishowe wengi wao walikuwa na nyumba huku na nyumba huko. Hakuna aliyewauliza ni wa wapi. Walikuwa wa kuwili.

JUMAPILI YA KUNDUCHI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Huhitaji fedha nyingi kuwatazama ndege hawa. Darubini ni kitu kizuri, lakini mimi nilianza bila ya darubini na watoto wangu hawakunung'unika. Kinachotakiwa ni daftari, kalamu na subira ya kukaa kimya robo saa. Na hii ya mwisho, kwa watoto wa siku hizi, ndiyo ghali kuliko darubini.

Anza uani. Goba ni nchi ya vilima na mabonde, na ingawa nyumba zimeongezeka upesi mno, bado ipo miembe, minazi na mikorosho ya mashamba ya zamani, na bado mabonde yana vichaka. Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi tazama nyaya. Mbayuwayu mwenye mkia mrefu na koo jekundu ni mtu mzima. Mwenye mkia mfupi na koo lililopauka ni mtoto wa mwaka huu, naye amefika hapa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Usiwachanganye na teleka, wale weusi wenye mabawa kama upinde, ambao hawatui wayani kabisa. Teleka wengi uwaonao juu ya paa za mjini ni wenyeji wa mwaka mzima na hujenga viota vyao papa hapa. Mbayuwayu wa kaskazini hajengi kiota kwetu hata siku moja.

Ukisikia juu sana sauti za kubirika, laini, kama filimbi yenye maji ndani, inua uso: ni keremkerem wakipita kwa makundi, walaji wa nyuki na nyigu. Kwenye nguzo au tawi lililo wazi huenda ukamkuta kambu wa kaskazini, wa buluu ya kupendeza na mgongo wa kahawia. Na katika mwezi wa Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapowatoa kumbikumbi ardhini, tazama mawinguni. Hutokea makundi ya kozi wadogo wembamba wakiwadaka hewani. Hao wametoka mashariki ya Asia, wakapitia India, wakaivuka Bahari ya Hindi yote bila ya kituo. Nitawarudia hao.

Kisha ichukue familia kwenda Kunduchi. Ila waulize kwanza wavuvi habari za maji, kwani ukienda wakati usiofaa utaona mchanga mtupu na kurudi ukinilaani. Nenda siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na ufike wakati maji yanaporudi, aghalabu alasiri. Maji yakiwa yametoka, ndege wametawanyika mbali hata wakawa nukta. Maji yanapojaa huwasukuma taratibu mpaka karibu na miguu yako. Keti, nunua mihogo ya kukaanga, subiri.

Mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu ni sululu. Wadogo wakimbiao pamoja wakichoma mchanga kwa haraka kama mafundi cherehani ni jamii ya vitwitwi, nao ni wa aina nyingi hata wataalamu hubishana. Mtafute mmoja wa kijivu, mdomo wake umepinda kidogo. Kiota chake kiko Taimyr, kaskazini kabisa ya Siberia, mahali pasipoota mti. Ukirudi mwezi wa Aprili utamkuta amegeuka rangi, kifua chekundu kama tofali la kuchoma: amevaa nguo za harusi, na safari imekaribia. Wale utakaowaona bado ufukweni mwezi wa Juni, aghalabu ni vijana ambao hawajafikia umri wa kuoa. Wameona hakuna haja ya kujitaabisha.

Juu ya huyu wa Taimyr liko jambo ambalo huwasimulia watoto kila twendapo. Idadi ya makinda wake wafikao pwani za Afrika hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na sababu ni panya. Huko Taimyr kuna panya wa theluji. Mwaka wanapozaliana kwa wingi mbweha hushiba panya na kuviacha vifaranga salama. Mwaka panya wakiadimika, mbweha hugeukia viota. Basi ukiona makinda wengi Kunduchi, ujue mbweha wa Siberia walikula vizuri.

Atakaye msitu, sisi wa Goba hatuko mbali na Pande, ambao tangu mwaka 1990 ni pori la akiba. Huko ni lazima kufuata taratibu za kuingia. Na wa Temeke na Ilala wana vilima vya Pugu.

MANATI NA MSUMENO

Nisingependa kuharibu Jumapili ya mtu, lakini nisiposema haya nitakuwa nimesema nusu. Watoto wetu wana manati. Mabonde yetu yanachimbwa mchanga na kujazwa vifusi. Kila kiwanja kinachozungushiwa ukuta huanza kwa kukatwa miti yote, hata ile ambayo isingemzuia fundi kuweka msingi. Sisemi haya kwa kumlaumu jirani. Utasikia punde kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na msumeno mkononi.

Wale kozi niliowataja, wavukao bahari, waliponea chupuchupu. Mwaka 2012, katika bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland huko India, ambako hutua kwa wingi kupumzika kabla ya kuja kwetu, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu na kuwauza kwa maelfu mengi. Habari zilipoenea, palifanyika mazungumzo na wazee wa vijiji, na makanisa yakasaidia. Mwaka uliofuata nyavu zikawa zimeondolewa. Wanakijiji wale si matajiri kutushinda. Walikuwa wakijipatia kipato cha kweli, wakakiacha.

Nami hesabu yangu ilikuwa ya vyumba vitatu. Nyuma ya nyumba yangu upo mkorosho wa zamani, umepinda, huzaa kwa kusuasua. Tulikubaliana na mama watoto kujenga pale vyumba vitatu vya kupangisha, kwani karo za shule hazingoji. Fundi akaja, akapima, akapiga mambo. Tukapanga kukata mti siku ya Jumamosi. Alhamisi yake, mwishoni mwa Oktoba, binti yangu wa kati akaniita nione ndege "anayerudi". Alikuwa wa rangi ya majivu, mdogo kama shomoro, kifua kina michirizi hafifu. Ameketi wima kwenye tawi kavu. Akaruka, akanasa mdudu, akarudi tawi lilelile. Akaruka tena, akarudi tena. Binti alihesabu mara 41 kisha akachelewa shule.

Namfahamu ndege yule: huzaliana Ulaya na Asia hadi Siberia, na yumo katika jamii ambazo husemwa kwamba hurudia mahali palepale mwaka hadi mwaka. Mama watoto alikuwa na hoja nzito, nami sikuwa na jibu lenye fedha ndani yake. Alisema tawi kavu haliishi karo. Tulizungumza hadi usiku, tena si kwa sauti ya chini wakati wote. Mwishowe tulijenga vyumba viwili. Kodi ya chumba cha tatu tunaikosa kila mwezi, na sidanganyi kwamba hatuioni. Mti wenyewe, kama mnavyojua, si wa kwetu kwa asili. Wareno waliuleta kutoka Brazili. Lakini nani leo atauambia mkorosho kwamba ni mgeni?

Binti huandika tarehe katika daftari. Siwezi kuapa kwamba ajaye ni yuleyule, kwani hana pete. Mwaka wa pili alionekana tarehe 19 Oktoba, wa tatu tarehe 23. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, ambaye kiwanja chake kilisafishwa chote siku ya kwanza, alikuwa akitucheka sana kwa habari hizi. Mwaka jana tulikuwa tumeanza kukata tamaa, Oktoba inakwisha, tawi li tupu, binti hasemi kitu. Asubuhi moja, kabla hatujafungua mlango, tukasikia ukuta unagongwa.

"Jirani! Mtu wenu kesharudi. Yuko huku kwangu, kwenye kamba ya nguo. Mwambieni mtoto aje upesi."